Wazima Kama Watu wa Butiama

Mimi ni mwoga, na sioni haya kulisema. Wenzangu wa Bunda tuliovuta nao moshi siku ile ghala la dawa za pamba lilipoungua hujifanya mashujaa kila mwaka tunapoitwa kupimwa. Wanapanda gari la mradi unaotufuatilia tangu moto ule wakipiga soga, wanafika Nyakato ya Musoma, wanatoa mikono ichomwe sindano, wanarudi wakimenya ndizi za njiani. Mimi huanza kukosa usingizi wiki nzima kabla. Sindano siiogopi. Ninachoogopa ni kile kitambo daktari anachoitazama karatasi yako kabla hajanyanyua macho.

Wala siogopi kwa ajili yangu. Siku ya moto nilikuwa na mimba ya Hasna. Nilikuwa uani naanua nguo, moshi mweupe ukashuka juu ya nyumba ukiwa na harufu ya kitunguu saumu kilichooza, nikakimbia nao kifuani. Sasa Hasna ana miaka saba. Ana akili, ana mdomo mrefu kama mama yake, lakini mkono wake wa kulia unatetemeka. Akishika kikombe, maji yanamwagika. Mwaka juzi alianguka darasani akakakamaa, povu likamtoka. Mradi ndio uliompeleka Mwanza, na mradi ndio unaompa dawa anazomeza kila siku. Zikikosekana, anaanguka. Nimeshaona mara moja na sitaki kuona tena.

Kwa hiyo tulipoitwa ukumbini mwaka huu kusikia wafadhili wameamua nini, nilikaa kiti cha karibu na mlango, nikayabana magoti.

Aliyesema ni daktari Ursula, mkuu wa mradi, mama mmoja mpole ambaye ametupima tangu mwanzo. Alieleza taratibu, kama anayeeleza watoto. Miaka yote hii, alisema, walikuwa wakitupima sisi wa Bunda, na papo hapo wakiwapima watu wa Butiama, ambao moshi ule hawakuunusa kabisa. Ndivyo inavyofanywa: unawatazama walioguswa na wasioguswa, unaona tofauti. Sasa hesabu zimekamilika na tofauti haipo. Vichwa vinavyouma, mimba zinazotoka, watoto wanaotetemeka mikono, yote hayo Butiama yapo vilevile kama Bunda. Maana yake moshi haukutudhuru kama ilivyohofiwa, na wafadhili hawawezi kuendelea kulipia. Mwisho wa mwezi ofisi inafungwa.

"Ninyi ni wazima kama watu wa Butiama," alimalizia.

Watu wakapiga makofi. Kuna mama alipiga vigelegele. Na mimi nikapiga makofi, maana ukiambiwa u mzima mbele za watu utafanya nini? Halafu nikanyoosha mkono nikauliza dawa za Hasna zitatoka wapi. Daktari Ursula aliangalia meza. Akasema nitapewa barua niende hospitali kama mgonjwa mwingine yeyote. Niliona kwamba jibu lile halikumpendeza hata yeye, lakini huruma haimezwi na mtoto ikamtuliza.

Nyumbani nilimkuta mume wangu Twalha kibandani kwake akigonga bati. Twalha ni fundi bati, na kwa kazi hiyo Bunda nzima hana mwenzake. Nilipomsimulia, alisema Alhamdulillahi, basi tumshukuru Mungu kuwa sumu haikuingia. Nikamwambia mwenzangu, mbona mtoto anatetemeka? Akasema hata wa Butiama wanatetemeka, si umeambiwa? Akaendelea kugonga.

Nilikwenda jikoni na neno hilo likinikereketa. Wa Bunda nawaelewa. Watoto wa Butiama wanatetemekea nini?

Siku chache baadaye Nyangi akanipigia simu. Nyangi ni wa Butiama, wa lile kundi la wazima. Tulijuana kwenye mabenchi ya Nyakato, maana siku za kupimwa tulichanganywa, na kwa kuwa mimi nikiogopa huwa naropoka, na yeye hupenda kucheka, tukawa mashoga. Alisema kwa kuwa Nyakato hatutakutana tena, niende kwake nikale samaki, nimwone na mwanawe Chrispin ambaye kila siku nilikuwa namsikia tu. Nikamchukua Hasna, tukaenda.

Nyumba yake iko nyuma ya mnada, penye mawe. Alitupokea kwa shangwe, akatuweka kivulini, akamwambia Chrispin atuletee maji. Mtoto wa miaka sita, mnene, mwenye pengo. Alichota, akaja akitembea kwa hadhari, macho kwenye kikombe, na kila hatua maji yakamwagika. Mkono wake ulikuwa unatetemeka.

Hasna alimtazama, akapokea kikombe, akanywa, na yake yakamwagika kifuani. Chrispin akacheka. Hasna akacheka. Wakakimbia kuchota tena, wakaanza kushindana nani atamwaga zaidi. Nyangi alicheka mpaka akafuta machozi, akasema jamani watoto hawa wamepatana. Mimi sikucheka.

Nikaletewa kikombe changu. Kabla sijakinyanyua niliangalia walikokuwa wanachota wale watoto. Lilikuwa pipa la chuma limesimama pembeni mwa jiko, limepakwa rangi ya kijani, lina mfuniko wa bati. Mdomo wake ulikuwa umekunjwa kwa nje mara mbili, ndani ya kunjo kuna waya, na masikio yake yalikuwa ya nondo iliyosokotwa. Mafundi wengine hukunja mara moja, kwa kuwa kukunja mara mbili kunakula bati. Namjua mmoja tu asiyejali hilo, kwa sababu hataki mtoto wa mtu akatwe mkono. Nalala naye kitanda kimoja.

Chini, karibu na udongo, rangi ya kijani ilikuwa imebanduka. Pale palikuwa panaonekana mstari wa njano. Mapipa ya lile ghala yote yalikuwa na mstari wa njano. Tulionyeshwa picha zake mpaka tukachoka.

Nilimuuliza Nyangi pipa amelitoa wapi. Sauti ilitoka ndogo, akadhani nalitamani.

"Hiyo nililetewaga siku ya arusi yangu," alisema. "Mama mkwe aliinunua hapo mnadani. Kuna fundi alikujaga nazo nyingi kutoka Bunda, bei yake nzuri, watu wakagombania. Pita nyumba yoyote hapa, utaikuta. Kunywa maji, mama Hasna, yamepoa."

Kikombe kikaniponyoka. Nikasingizia kizunguzungu. Nikaomba njia ya chooni, na huko nikachungulia ua wa jirani: pipa la kijani, mdomo umekunjwa mara mbili, mama mmoja anachota maji ya kupikia. Ua wa pili lilikuwepo jingine, limejazwa mtama. Sikuendelea kuchungulia. Hofu niliyoijua miaka yote nikaiona ilikuwa ya kitoto. Nilimwita Hasna, nikaaga samaki akiwa bado jikoni. Nyangi hakuelewa. Alinifungia samaki kwenye mfuko, akanisindikiza mpaka barabarani akinipa pole ya kichwa. Sikumwambia kitu. Nilishindwa, na huo ndio ukweli wake.

Twalha alikuwa kibandani. Sikukaa, sikumsalimu. Nilimuuliza mapipa ya ghala alifanya nayo nini.

Hakukana. Alieleza kama mtu anayesimulia kazi nyingine yoyote. Wakati ule mimi nilikuwa nimekwenda kwetu Musoma kujifungua, kama desturi, nikakaa huko mpaka mtoto alipokaza shingo. Wale vibarua waliopewa kazi ya kuyazika mapipa waliona bati zuri namna ile halizikwi, wakayapeleka kwa mafundi. Yeye aliyachukua, akayasugua kwa majivu na maji ya moto, akayaanika juani mpaka hayakuwa na harufu hata kidogo. Akakata, akakunja midomo, akapaka rangi. Alifikiri ameokoa mali.

"Na kwa nini ukayapeleka Butiama?" nikamuuliza.

Sote wawili tulizikumbuka siku zile baada ya moto. Gari la matangazo lilipita mitaa yote ya Bunda likisema mtu asiguse pipa la ghala. Bunda hakuna ambaye angenunua. Butiama gari halikufika. Jibu lilimjia usoni kabla halijamfika mdomoni, na nikaona anatafuta pa kukaa.

Alikaa juu ya chuma chake cha kugongea. Baadaye akasema kwa sauti ya chini, "Wakijua, Hafidha, watakuja kutuchoma humu ndani. Na mimi ningekuwa wao ningekuja."

Sikumbishia, kwa kuwa naujua mkoa wangu. Niliingia ndani nikafunga dirisha mchana kweupe. Nikawaza kunyamaza, na nililiwaza jambo hilo vizuri, kwa pande zake zote. Nikinyamaza, mradi unafungwa, hesabu zinabaki hivyo, sisi wazima na Butiama wazima, dawa za Hasna zinaisha, na Chrispin anaendelea kuchota. Nikisema, baba yake Hasna atafungwa au atauawa na watu. Kila upande niliogeukia kulikuwa na mtoto wangu. Nilitamani mtu aniamulie, awe mume, awe Mungu, awe hata yule mwenye gari la matangazo.

Hasna alikuwa mlangoni pa kibanda anamsimulia baba yake habari za Butiama. Alisema ameona mbuzi, ameona mawe makubwa, amecheza na Chrispin. Halafu nikamsikia akisema kwa furaha, "Baba, na Chrispin anamwagaga maji kama mimi. Kumbe tupo wawili."

Nyundo, iliyokuwa imeanza tena kugonga kidogokidogo, ikanyamaza. Haikugonga tena siku ile.

Asubuhi Twalha alivaa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Alifunga kibanda kwa kufuli mbili, akachukua kipande cha pipa alichokuwa amekibakiza tangu wakati ule, akakifunga kwenye gazeti. Tukapanda basi la Musoma. Kila aliyetuangalia nilimwona kama anajua.

Ofisi ya Nyakato ilikuwa tayari inafungashwa, maboksi hadi dirishani. Daktari Ursula alitukaribisha akidhani tumekuja kuomba dawa. Twalha alifungua gazeti, akaweka kile chuma mezani, rangi ya njano juu, akasema yote bila kujitetea. Hata majivu hakuyataja mpaka daktari alipouliza.

Daktari alivua miwani. Akasema kwamba kila mwaka waliwauliza watu wa Butiama kama waliunusa ule moshi, na kila mwaka walijibu ukweli kwamba hawakuunusa. Hakuna aliyefikiria kuwauliza maji yao wanayaweka kwenye nini.

"Basi hatukuwa na wazima wa kuwalinganisha nanyi," alisema. Halafu akasema, zaidi kwake mwenyewe kuliko kwetu, "Wote ni walewale. Wote wameguswa."

Nikamuuliza kama wafadhili watarudi. Alisema atawaandikia leo hii, lakini hataki kunidanganya. Wanaweza kuona kwamba sasa kuna watu wengi zaidi wa kufuatiliwa, tena kwa miaka mingi zaidi, wakatoa fedha. Wanaweza pia kusema kazi yote imeharibika tangu mwanzo, wakafunga mlango. Ila kwanza, alisema, watu waache kunywa, leo, sasa. Akanyanyua simu amtafute mwenyekiti wa kijiji.

Twalha akamwomba asubiri. Alisema kuna nyumba moja ambayo yeye amekula samaki wake jana, na hao angependa wasikie kwake kabla hawajasikia kwa mwenyekiti. Daktari akakubali kwa kichwa. Nikampigia Nyangi, nikaweka sauti ya nje, kwa sababu niliogopa kumwachia mume wangu asikie peke yake.

Nyangi alipokea kwa kicheko, akaniuliza kichwa. Nikamwambia kuna mtu anataka kumsalimu, ni mume wangu. Twalha akaishika simu kwa mikono miwili. Alisalimu, akajitaja jina, akasema yeye ndiye fundi wa yale mapipa.

"Shemeji!" Nyangi akasema. "Kumbe ni wewe? Na mama Hasna alivyo, hajawahi hata kuniambia. Pipa yako haijavujaga hata tone, mpaka leo. Hapa tunakuombeaga."

Twalha alinitazama. Nilimwona anaogopa kama mimi, na hakuna kati yetu aliyeweza kumsaidia mwenzake. Daktari Ursula alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Dada," Twalha akasema, "mtoto yuko wapi sasa hivi?"

"Chrispin? Yuko hapa, shemeji, anakunywa maji. Nikuitie?"