Shati la Kufichia Bastola Wakati wa Joto

Mwezi wa Novemba, jua la Johannesburg lilipoanza kulainisha lami, Ezéchiel alisimama mbele ya kioo cha kabati akiwa na fulana na bastola, akijigeuza kushoto na kulia kama bibi harusi. Mkewe, Spès, alikaa kitandani akimenya viazi na kutoa hukumu.

"Inaonekana," alisema.

Ezéchiel akaisogeza nyuma kidogo.

"Sasa una jipu."

Ezéchiel alikuwa mlinzi wa mzigo. Alipanda gari la tajiri wake Twalib, muuza jumla wa mtaa wa Mayfair, akisindikiza unga, sukari na mafuta hadi kwenye spaza, yaani vile viduka vya uchochoroni, za kitongoji cha Diepsloot. Bastola ilikuwa na leseni, na sheria ilitaka ifunikwe kabisa. Wakati wa baridi, jaketi lilimaliza kila kitu. Lakini jua likiwaka, mtu mwenye jaketi Diepsloot ama ana malaria ama ana silaha, na waporaji hawana desturi ya kumjulia hali. Pitchou, aliyeifanya kazi hiyo kabla yake, aling'ang'ania jaketi lake mpaka Desemba. Walimpiga risasi yeye kwanza, kabla hata ya kuomba ufunguo wa gari. Ezéchiel alishika upande mmoja wa jeneza lake, na hakuwa na haraka ya kumfuata.

Kwa hiyo alianza na ala, yaani ule mfuko wa kuvalia bastola. Katika duka la silaha walimtolea kila aina. Ala ya kwapani ilidai koti juu yake, ikarudishwa. Ya kifundo cha mguu ilikuwa safi, ila kuichomoa kulimlazimu apige goti na kukunja suruali, na Ezéchiel aliona kwamba kazi hiyo ingehitaji mporaji mwenye subira. Ile ya mkanda wa tumboni alitembea nayo dukani kwa muda akapata harara. Akaishia kuchukua ala nyembamba ya kuvaliwa ndani ya suruali, nyuma ya nyonga ya kulia, shati likiachwa nje. Muuzaji akamshauri shati liwe na picha nyingi, jicho la mtu lipotelee humo.

Picha nyingi! Ukimwambia Mkongomani hivyo hujampa ushauri, umempa ruhusa. Siku hiyohiyo Ezéchiel alikwenda kwa Célestine.

Célestine alikuwa mtu wa kwao Uvira. Cherehani yake ilikaa kwenye ujia wa jengo moja la Mayfair, kati ya muuza simu na muuza ubani, na vitenge vyake vilikuja kwa marobota kutoka nyumbani. Alikuwa na sharti moja: hakati picha ya kitenge. Ndege ataingia shatini mzima au atabaki nje. Ezéchiel akachagua mbayuwayu wa buluu kwenye uwanja wa manjano. Shati lilipokuwa tayari, alikwenda nyuma ya pazia, akavaa bastola, akatoka.

Mbayuwayu wote wakaruka kutoka nyongani wakahamia bega la kushoto, wakabanana hapo. Upande wa kulia kikabaki kitambaa kitupu chenye umbo la bastola, mtutu, mpini na kifyatulio.

Célestine alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Papa Ezéchiel, kama iko na bunduki si ungesema? Ningeipima nayo."

"Nilidhani ni siri."

"Kwa fundi hakuna siri. Hawa ndege batoka kwetu. Bunduki banaijua."

Aliipima bastola kwa futi yake ya kitambaa, urefu na unene, huku akiisema kwamba haina kiuno. Kisha akajaribu kitenge cha macho. Macho yote yaligeuka kuitazama bastola. Hata ya mgongoni yalijitahidi. Kitenge cha feni kilitia moyo zaidi. Feni zilitulia kabisa, Ezéchiel akamshukuru Mungu, mpaka alipofika mlangoni penye jua. Hapo zikaanza kuzunguka zote pamoja, na upepo wake ukalipeperusha shati hadi kifuani. Mama mmoja aliyekuwa akipita alimziba mwanawe macho. Mama huyo alieleza kwamba ni kwa sababu ya kitambi cha Ezéchiel.

Twalib akapiga simu. "Bwana Ezéchiel, shati tu linakushinda? Gari linatoka kesho. Kama huna nguo, niambie nitafute mwenye nguo."

Célestine alisikia yote. Akavuta kutoka chini ya meza robota lililofungwa kwa nailoni.

"Iko hii. Sikutaka kukuonyesha."

Kilikuwa kitenge cha kampeni. Kila mahali palikuwa na uso wa Mheshimiwa mmoja wa kwao Uvira, miwani ya dhahabu na meno yote, ukizungukwa na maneno "Amani na Maendeleo". Ezéchiel alimjua. Ni vijana wa Mheshimiwa waliokuja mtaani kwao na bunduki siku ya soko, wakaichoma nyumba ya baba yake, baba yake akiwa ndani. Baadaye Mheshimiwa aliwapelekea wafiwa mchele.

"Sivai," alisema Ezéchiel.

"Usivae. Jaribu tu."

"Basi mkate shingo."

"Nilijaribu," alisema Célestine, akamwonyesha mkasi uliovunjika.

Shati lilipokwisha kushonwa, Ezéchiel akavaa. Mheshimiwa hakutikisika. Shavu lake lilikaa juu ya bastola kama lililopata mto wake, na tabasamu halikupinda hata kidogo. Célestine alipapasa kwa kidole akitafuta uvimbe, akaukosa.

"Huyu amezoea," alisema.

Ezéchiel alijitazama kwenye kioo na chuki ikamjaa mpaka meno yakamuuma. Aliona pia kwamba bastola haionekani.

Kesho yake, kwenye robot, kama huko wanavyoziita taa za barabarani, karibu na Diepsloot, wanaume wawili walilisogelea gari na kuchungulia dirishani. Waliangalia mikono yake, kiuno chake, shati lake. Mmoja akauliza huyo ni nani.

"Kiongozi wetu," alijibu Ezéchiel.

"Ana sura ya mtu mzuri. Sharp." Wakaenda kwenye gari la nyuma, la maziwa, ambalo mlinzi wake alikuwa amevaa jaketi. Dereva wa Twalib hakusubiri taa ya kijani. Milio ya risasi waliisikia wakiwa wamekwisha kukata kona.

Jioni mama yake alipiga simu ya video kutoka Uvira, na Ezéchiel akapokea kabla ya kukumbuka kubadili nguo. Mama alisogeza uso mpaka ukajaza kioo cha simu. 

"Umevaa nini, mwanangu?"

"Shati la kazi, mama."

"Juzi amechaguliwa tena."

"Nimesikia."

"Na hilo shati, linakulinda?"

"Linanilinda."

Mama akajifuta uso kwa ncha ya kitenge chake.

"Basi livae," alisema. "Ila inua simu kidogo. Nataka kukuona wewe."