Pasi Ikisimama

Dada yangu huandika riwaya za kutisha. Si za mapanga na mizimu, hapana. Zake zinaingia kichwani mwa mtu mpole, jirani yako kabisa, zikakuonyesha anachowaza akikutazama unakula. Wasomaji wamembatiza Mnyima Usingizi, naye analipenda jina hilo kupita kiasi.

Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani, na bila mimi asingefika popote. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Kila sura anayomaliza hunisomea mimi kwanza, nikiwa napiga pasi nguo za wateja. Pasi ikiendelea kutembea, sura inachanwa. Pasi ikisimama na nguo ikaungua, sura imepita. Kitabu cha kwanza kilikula shati la mwalimu. Cha tatu kilikula suruali mbili na shela la bibi harusi, na mama wa bibi harusi hajanisalimia mpaka leo.

Vitabu saba vilikwenda hivyo, vyote vikagombaniwa. Cha nane kikadoda. Wasomaji walisema wamemjua muuaji mapema mno. Mchapishaji akampasulia dada: lete cha tisa Ijumaa mchana, na kikiwa kama cha nane, tuagane kwa heri.

Sasa, siri ya kitabu cha nane ninayo mimi. Siku ile dada alikuwa ametoka kuugua, amekonda. Sura ya mwisho ilikuwa imepoa kabisa. Roho ikaniuma. Nikachomoa waya wa pasi kwa mguu, nikaitembeza mpaka ikapoa, kisha nikaiacha juu ya kitambaa, nikajishika mdomo nikijifanya nimepigwa na butwaa. Akanikumbatia akilia. Tangu kilipododa, kila nikimwona amejiinamia mezani najisikia mwizi.

Ijumaa ikafika. Saa nne asubuhi akaingia na karatasi zake. Juu ya meza yangu ilikuwepo blauzi yake nyeupe, ya kuendea kwa mchapishaji.

“Sura ya mwisho,” akasema. “Usinihurumie.”

Kitabu chenyewe kinamhusu mwimbaji anayedhani anarukwa na akili. Barua za mashabiki zinapotea, redio zinakufa kila akitajwa, kwa ubaya au kwa uzuri. Mimi nilishaapa mbaya wake ni mumewe, na nilikuwa namsubiri kwa hamu aumbuke.

Nikaanza kuipiga pasi blauzi, dada akasoma. Mume hakuwa na kosa. Kuna mdogo wa mwimbaji, mpole, ndiye anayempikia na kumsuka. Miaka mingi nyuma alimdanganya kuwa sauti yake bado nzuri, kwa huruma tu. Tangu hapo anachoma barua zote na kuua redio zote, ukweli usimfikie. Kisha dada akasoma taratibu: mwimbaji akaingia sebuleni, redio ikawa inamtaja, na mdogo wake, huku akitabasamu, akachomoa waya kwa mguu.

Sijui nilisimama hapo muda gani. Moshi ndio ulionishtua.

“Ulijua,” nikasema.

“Pasi ilisimama lakini hakuna kilichonuka, na mguu wako niliuona. Nilijua palepale.”

“Na bado ukakipeleka?”

“Nilitamani sana iwe kweli,” akasema. “Wewe ulinidanganya mara moja. Mimi nilijidanganya mpaka kiwandani kinakochapwa.”

Nikalia, nikamwomba radhi, na katikati ya machozi nikashikwa na kicheko, maana nilikuwa bado nataka kujua mwimbaji alifanya nini. Akanisomea mpaka mwisho. Silali mimi leo, najijua.

Nikainua pasi. Mgongoni mwa blauzi palikuwa na alama nyeusi, umbo la pasi kamili. Nikamwambia avae yangu.

“Lete hiyohiyo,” akasema. Akaivaa, akabeba karatasi na kushuka ngazi mbilimbili, nami nyuma yake pekupeku, nikimfunga kifungo cha mwisho cha mgongoni.