Atupele Anataka Nini

1.
TANGAZO
Wanakikundi wa Uandishi, Ukumbi wa Maktaba, Tukuyu. Ijumaa saa nane kamili kila mmoja asome mbele ya wenzake: (a) mhusika wake ni nani, (b) anataka nini. Asiye na (b), hadithi yake haitaingia kitabuni.
Mwl. Kajela

2.
Tusekile alikuwa na (a). Mdogo wake Atupele, waliyemzika mwezi wa tatu. Aliogopa asije akasahaulika. Akaandika: alizaliwa, alibatizwa, alisoma mpaka darasa la saba, aliugua mapafu, ameacha mama na dada mmoja.

Mwalimu Kajela alisoma, akavua miwani.

"Dada Tusekile, huu ni wasifu wa msibani. Umebakiza ratiba ya mazishi tu."

Darasa likacheka. Naye akacheka, ili asilie.

3.
Jumatano, kwa simu.

"Mama, Atupele alikuwa anataka nini?"

"Lini?"

"Maishani."

"Alitaka kula, kama watu wote. Wewe umekula?"

4.
Jumatano hiyohiyo, kwa Bupe, fundi cherehani aliyeshona na Atupele miaka sita.

"Unaniuliza mimi, dada? Malori! Kutwa malori."

"Kingine?"

Bupe akakata uzi kwa meno.

5. Aliyoyaandika akayafuta
Alitaka kuolewa.
Alitaka cherehani yake mwenyewe.
Alitaka amani ya
Alitaka

6.
Wewe unayesoma, usidhani Tusekile hajui.

Anajua.

Anazunguka kwa watu akitafuta jibu jingine.

7.
CHUO CHA UDEREVA
Ndugu Atupele Mwaisaka, umechaguliwa kujiunga na mafunzo ya magari makubwa. Ripoti tarehe 4 Januari bila kukosa. Atakayechelewa, nafasi yake atapewa mwingine.

8.
Atupele aliyatambua malori kwa mlio tu, yakipanda mlima: hili limebeba mbao, hili tupu, dereva wa hili hajui gia.

Ile barua, miaka minne iliyopita, ilikuja kwa sanduku la posta la Tusekile. Akaifungua yeye. Mama alikuwa ameanza kuangukaanguka. Nani angebaki naye? Akaiweka chini ya godoro, wiki moja tu. Wiki ikazaa mwezi.

"Barua yangu bado, dada?"

"Bado."

Januari ikapita.

"Hawakunitaka," Atupele akasema, akainama kwenye cherehani.

9.
Ijumaa. Saa nane na dakika ishirini. Tusekile anasimama na karatasi yake.

"Mhusika wangu anaitwa Atupele. Anataka kuendesha lori."

Kisha mtu nyuma: "Eeh! Huyo sasa namwona!"

"Safi," alisema Mwalimu Kajela, akaokota chaki. "Sasa, nani anamzuia?"

"Baba mkali!"

"Mchumba mwenye wivu!"

"Mwacheni aseme mwenyewe, jamani."

Tusekile angeweza kumchukua huyo baba mkali. Baba alikuwa tayari, mezani, bure.

"Ni mtu aliyempenda," akasema.

"Vizuri sana. Mpe jina. Asiye na jina hasimami."

Chaki ikagusa ubao, ikangoja.

"Anaitwa..."