Kitabu cha Wageni

Mume wangu alikaa mapokezi ya ofisi ya maji miaka thelathini na mmoja, na kwa muda wote huo hakuna mtu aliyepanda ngazi zile bila kuandika jina lake mbele yake. Wakurugenzi walikuja wakaondoka, yeye yupo. Mtaani walimwita Mapokezi. Hata fundi viatu alikuwa akinirudishia viatu vyangu na kusema, "Msalimie Mapokezi," nami nikaitwa mke wa Mapokezi, utadhani nimeolewa na meza.

Ilipobaki miezi mitatu astaafu, wakampa likizo yake ya mwisho, na kila mwanamke ninayemjua akanipa pole. Wanaume wakistaafu, waliniambia, wanageuka wakaguzi wa jikoni. Wanafunua sufuria. Wanauliza sabuni ya juzi imekwenda wapi. Mimi sikuogopa habari za sufuria. Nilichoogopa ni maneno aliyokuwa akiyasema kila jioni akivua viatu: "Wewe subiri tu. Nikishatoka kazini, nyumba hii haitatosha. Watu sabini, themanini kwa siku wananijua mimi. Ni nafasi tu hawajapata ya kuja kunitembelea."

Watu sabini wanamjua, sikatai, lakini hata mlango wa ofisi ya maji wanaujua, na sijasikia mtu aliyeutembelea mlango nyumbani kwake. Sikumwambia hivyo. Nina mdomo, kila mtu atakwambia, lakini yapo mambo ambayo hata mimi huyameza.

Jumatatu ya kwanza ya likizo aliamka alfajiri, akaoga, akavaa shati la mikono mirefu na tai. Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Siendi popote. Leo si ndio wanaanza kuja?"

Akaivuta meza ndogo ya kona mpaka karibu na mlango wa sebule, akaweka kiti nyuma yake, halafu akatoa kwenye bahasha daftari kubwa lenye jalada gumu. Alikuwa amelipiga mistari mwenyewe kwa rula. Tarehe. Jina. Umetoka Wapi. Umekuja Kumwona Nani. Sababu. Saa ya Kuingia. Saa ya Kutoka. Sahihi. Kalamu alikuwa ameifunga uzi kwenye mguu wa meza kama mbuzi.

"Sasa kalamu umeifunga ya nini? Hapa ni nyumbani."

"Mama, kalamu haina ndugu," akasema. "Nimeibiwa kalamu na mashekhe na mapadri."

Wa kwanza kuingia alikuwa Dada Mkubwa, ndugu yangu wa tumbo moja, ambaye Jumatatu zote huja kunywa chai kwangu. Alikuwa mwalimu mkuu kabla hajastaafu, na tangu mama yetu afariki hakuna mtu aliyewahi kumwamuru kitu.

"Shemeji, mbona tai? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, shemeji. Karibu sana. Andika hapa."

Nikashika kichwa. Nilijua leo patachimbika. Lakini dada yangu aliinama juu ya daftari, akasoma vichwa vya safu kimoja kimoja kama anayesahihisha mtihani, akaichukua kalamu mpaka uzi ulipokaza, akaandika. Chini ya Umekuja Kumwona Nani akaandika "mdogo wangu". Chini ya Sababu akaandika "kusalimia".

"Kusalimia si sababu," mume wangu akasema kwa upole. "Ofisini, watu wa kusalimia nilikuwa nawarudisha."

Dada Mkubwa akamtazama juu ya miwani. Akalikata neno lake kwa mstari mmoja, akaandika: "Kumsema mumewe."

Mume wangu akasoma. "Hiyo sawa," akasema, akatazama saa. "Saa nne na dakika saba. Pita ndani."

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Kaka yangu, fundi umeme, mtu asiyekosa kupita kwetu wakati wa chakula, akajaza safu ya Sababu kwa neno moja, "njaa", akapitishwa bila swali. Wifi yangu, dada yake mume wangu mwenyewe, akaja kwa ajili ya ushonaji tunaoshona pamoja Alhamisi, akaandika mistari mitatu mpaka ikaingia kwenye safu ya Saa. Binti yetu, ambaye ni nesi, akisahau kuandika saa ya kutoka aliitwa kutoka kituo cha basi. Jirani alikuja kuazima kinu, akaandika, akarudi kuleta kinu, akaandika tena. Watu walicheka, na mimi nilicheka nao, kwa sababu angalau sufuria zangu zilikuwa salama.

Lakini kila gari lilipopunguza mwendo barabarani, alinyoosha tai yake. Na kila hodi ya mtu asiyejulikana ilipopigwa alisimama kabisa, akasubiri kwa uso wa furaha, ikawa ni wasoma mita za umeme au wauza vitunguu. Wa ofisini hawakuja, hata yule dereva aliyekuwa akila naye kila mchana.

Mwisho wa mwezi akaniletea karatasi jikoni. Kumbe ofisini alikuwa akitoa muhtasari kila mwezi: nani ametembelewa na watu wangapi, ili wakubwa wajue kazi inavyokwenda. Sasa alikuwa amefanya wa kwetu, kwa mwandiko wake ule uliosimama wima, na mistari miwili chini ya kichwa cha habari.

Mama mwenye nyumba: ishirini na tatu. Binti, siku anazokuwepo: wanne. Paka: wawili.

Hapo nilicheka mpaka mwiko ukanidondoka. Mjukuu wetu wa kike ana miaka saba na ndio kwanza amejua kuandika. Aliulizwa amekuja kumwona nani akajibu kwa maandishi, mara mbili, na mume wangu si mtu wa kubadilisha maneno ya mgeni. Nilikuwa bado nacheka nilipoona mstari wa mwisho.

Mimi: hakuna.

Hakuweka sifuri. Ofisini, aliniambia siku moja, hawaweki sifuri, maana sifuri mtu anaweza kuiongezea tarakimu mbele.

"Hata dada yangu," akasema. "Nimemzidi miaka sita, nimembeba mgongoni. Ameandika 'wifi' mara nne."

"Si tunashona?"

"Najua mnashona. Ameandika vizuri kwenye Sababu." Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. "Taarifa ni taarifa, Mama. Sijalalamika."

Akarudi kwenye meza yake. Nilimwona kwa nyuma, shingo imenyooka ndani ya kola, anangoja watu sabini. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika, maana mimi huruma ikinizidi hugeuka hasira. Nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikampigia kaka yangu.

"Jumamosi njoo umwone shemeji yako."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Sasa nije kumwona ana nini?"

"Lazima mtu awe na kitu ndipo aonwe? Njoo umwone yeye. Si mimi, si chakula. Yeye."

"Dada, niambie ukweli."

"Njoo tu, usiulize. Na ukifika usimwambie kama ni mimi niliyekuita."

"Haya," akasema kwa sauti ya chini. "Nimeelewa."

Na mimi mjinga nikafurahi kwamba ameelewa. Nikampigia wifi, nikamwambia maneno yaleyale, naye akaelewa upesi zaidi, akaniuliza tu kama anakula. Nikasema anakula, kwani kuna siku hajala? Nikakata simu nimeridhika na akili yangu. Sikukumbuka kwamba kwetu sisi mtu mwenye afya njema hutembelewa tu. Anayeendewa "kuonwa" ni mgonjwa. Na ukishasema usiulize, umeshamlaza kitandani.

Jumamosi saa nne walikuwa kumi na mmoja. Niliwahesabu kupitia dirisha la jikoni wakishuka polepole, wanafunga milango ya gari kwa adabu. Wifi alikuwa na kikapu cha machungwa. Kaka yangu, ambaye sauti yake husikika mtaa wa pili, alikuwa ananong'ona. Dada Mkubwa alikuja na siku yenyewe si Jumatatu. Nyuma yao walikuwa watoto wa baba wadogo wa mume wangu ambao sijawaona tangu harusi ya binti yetu, na hata yule dereva wa ofisini. Sijui habari ilimfikiaje. Hapo ndipo nikaanza kuelewa nilichokifanya.

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma ya meza yake. Sijawahi kuona mtu akijizuia kutabasamu kwa tabu namna ile.

"Mmoja mmoja," akasema. "Kuna nafasi kwa wote."

Wakapanga foleni. Wakaandika. Mtu wa mapokezi husoma maandishi yaliyopinduka kama wewe unavyosoma yaliyosimama, kwa hiyo hakuhitaji kugeuza daftari. Nilikuwa mlangoni pa jikoni, nikamwona akisoma safu ya nne kila mtu alipoijaza: shemeji. Kaka. Kaka mkubwa. Mapokezi. Shemeji. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, anahesabu.

Halafu macho yakahamia safu ya tano. Nilijua yamehama kwa sababu midomo ilitulia. Kumjulia hali mgonjwa, kaka yangu alikuwa ameandika, na waliomfuata, kama watu wafanyavyo kwenye vitabu hivyo, wakaandika "kama hapo juu".

Akainua kichwa taratibu, akanitazama mimi. Hakutazama mtu mwingine.

"Kaka," wifi akasema, machozi yameshamlenga, "umekaaje mezani na hali hii? Na hiyo tai! Si lazima ujikaze mbele yetu."

Miaka thelathini na mmoja, mtu akiandika sababu ya uongo, mume wangu alimrudisha, hata awe nani. Aliwahi kumrudisha mkwe wa mkurugenzi. Pale mbele yake sasa walikuwa watu kumi na mmoja wenye sababu isiyo ya kweli, na kazi yake ilikuwa ni kusema neno moja tu, ni mzima, na wangecheka wote, wangenywa chai yangu, wangeniletea mimi habari zao, na kabla ya saa saba wangekuwa barabarani. Niliona analijua hilo. Alilitazama daftari, akaitazama foleni, akamtazama dereva aliyevua kofia.

Akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kibaya, si kwa ugonjwa, kwa kukosa mazoezi. Lakini kilitosha. Kaka yangu alimdaka bega moja, dereva bega la pili, wakampeleka kwenye kochi kubwa. Mtu akamlegezea tai. Mtu akamvua viatu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwangu wageni wamekuja, mwenyeji ndio akaugua.

Binti yetu akapenya, akamshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake dakika nzima. Alipomaliza akanigeukia mimi, nyusi juu. Nikamtikisia kichwa. Akaurudisha mkono wa baba yake kifuani, akauweka vizuri, akasema tu, "Asiachwe peke yake leo." Kisha akaenda kumenya machungwa.

Wakamzunguka. Waliokosa viti wakakaa sakafuni. Dereva akaanza kusimulia siku bomba kuu lilipopasuka na Mapokezi akaandikisha watu mia mbili wenye ndoo, mmoja mmoja, na hakuna aliyempiga. Wote wakacheka, halafu wakakumbuka kuna mgonjwa, wakacheka kwa sauti ndogo. Mimi nilisimama palepale na sahani mkononi. Hasira ilikuwepo, kwa sababu uongo ule nitaufua mimi kwa miezi, na aibu ilikuwepo, kwa sababu katika watu wote wale waliomwona siku ile na mimi pia ndio kwanza nilikuwa namwona.

Ni Dada Mkubwa aliyeuliza. Hapendi mambo ya kufunikwafunikwa. Ameshika wanafunzi wengi waliojifanya wanaumwa. Alivuta kiti mpaka magoti yake yakagusa kochi, akainama.

"Shemeji, acha haya ya kukohoa. Niambie mimi. Unaumwa wapi?"

Nikafumba macho, maana huyu mtu hajui kusema uongo, hata wa kuniambia nguo imenipendeza. Alifikiri. Alifikiri muda mrefu, kwa uaminifu, kama vile ana safu ya kujaza.

"Sipajui hasa," akasema mwishowe. "Kila mahali kidogo."

Dada yangu akamtazama machoni kwa muda. Kisha akavua miwani, akaushika mkono wake, wala hakuuliza tena.

Mimi nililitafuta kosa kwenye jibu lile, kama nilivyozoea kumtafutia, nikalikosa. Nikaweka sahani chini, nikaenda chumbani kumletea shuka.