Nakala ya Gereza

Ukurasa wa thelathini na moja haukuwa wa kesi ya ua.

Majalada aliurudisha nyuma kwenye skrini, akausogeza tena mbele, akidhani wenzake wa chumba cha skana wamechanganya karatasi. Kwa muda sasa alikuwa anasoma habari za majirani wawili waliofikishana mahakamani kwa ajili ya ua wa michongoma: nani aliupanda, nani aliukata, nani alimwita mwenziwe nani siku ulipokatwa. Alibakiza kidogo tu amalize. Halafu, katikati ya ushahidi wa jirani wa pili, ikajitokeza karatasi fupi yenye nembo juu na maneno ya taipu yaliyopauka: Amri ya Kumwachilia Mfungwa.

Alisoma namba ya rufaa. Akasoma jina. Yalikuwa majina matatu yamefuatana, na la kwanza lilikuwa lile ambalo yeye huliandika baada ya lake kwenye kila fomu. Akaondoa mkono kwenye kipanya, akauweka mapajani kama mtu aliyeungua.

Kazi yake haikuwa kubwa machoni pa watu. Mahakama ilikuwa inaingiza majalada ya zamani kwenye kompyuta. Wengine waliskani, yeye aliandika maelezo. Namba, mwaka, wadaawa, idadi ya kurasa, hali ya karatasi, kisha mistari minne ya kueleza kilichomo, ili atakayetafuta miaka ijayo apate. Alikuwa na kipaji cha kazi hiyo. Aliwahi kuieleza kwa mistari minne kesi ya mbuzi iliyochukua miaka sita, mbuzi mwenyewe akiwa amekufa mwaka wa pili, na mahakimu wakayapitisha maelezo yale ofisi kwa ofisi wakicheka. Ndiyo maana wakamwita Majalada. Kanuni yake ilikuwa moja: andika unachokiona. Usikisie, usimhurumie mtu, usimkasirikie mtu. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na Mzee Kalamu, karani mkuu wa masijala, ambaye sasa amestaafu.

Baba yake alikuwa mtunza stoo wa shule ya bweni. Magodoro kumi na mawili yalipotea, funguo alikuwa nazo yeye, akapewa miaka saba. Majalada alikuwa na miaka tisa. Shuleni wakamwita Godoro, mpaka mwalimu mmoja naye akateleza akamwita hivyo mbele ya darasa, kisha akajifanya anakohoa. Baba alikata rufaa. Kila Jumatatu mama alikwenda kwenye dirisha la masijala kuuliza, na kila Jumatatu aliambiwa, "Bado, mama. Rudi wiki ijayo." Alirudi mwaka mzima na zaidi. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, askari magereza alikuja na baiskeli kusema kwamba mfungwa amefariki kwa kifua.

Amri iliyokuwa kwenye skrini ilikuwa ya tarehe kumi na nne, mwezi wa nane, mwaka uleule.

Ukurasa uliofuata ulikuwa hukumu. Jaji hakuwa mtu wa maneno mengi. Wiki magodoro yalipotoka, mrufani alikuwa likizo. Funguo alizikabidhi kwa mtu mwingine, kwa saini. Barua ya likizo ilikuwa mbele ya mahakama ya chini na haikusomwa. Rufaa inakubaliwa, aachiliwe mara moja. Baada ya hapo zilifuata kurasa mbili zaidi za amri ileile, nakala za kaboni.

Kwenye skrini kila kitu kilikuwa kijivu. Majalada alishuka ghala la chini, akatafuta sanduku, akalifungua jalada kwa mikono yake mwenyewe. Nakala ya mahakama ilikuwa nyeupe. Ya mrufani, njano. Ya gereza, waridi, na chini yake palikuwa na kipande cha kukata na kurudisha: imepokelewa na ofisa wa zamu, saini, tarehe. Kipande hakikuwa kimekatwa. Mistari ilikuwa mitupu. Pini ilishika kutu na kuacha doa moja lililopenya karatasi zote nne. Hazikuwahi kutenganishwa.

Kwenye kona ya juu mtu alikuwa ameandika kwa wino wa bluu: 196. Ndiyo namba ya jalada la ua. Namba ya rufaa iliyopigwa taipu ilikuwa 169.

Tisa ile, yenye mkia ulionyooka kama msumari na kitone mwishoni, aliijua. Yeye mwenyewe huandika tisa hivyo.

Alikuwa na miaka kumi na tisa Mzee Kalamu alipobisha hodi kwao. Mama alimtambua palepale, ndiye yule wa dirishani, yule mpole. Mzee alisema amesikia kuna binti amemaliza shule, na masijala inatafuta tarishi. Akamfundisha kupanga, kufungua, kusoma hati mbaya za mahakimu, kuandika tarakimu zisizoleta shaka. Miaka ishirini na tatu Majalada alimwita baba, kwanza kwa heshima, baadaye kwa kumaanisha. Siku ya ndoa yake ndiye aliyemshika mkono, kwa suti ya kuazima iliyombana mabega.

"Dada, umekwama wapi?" Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni pa ghala. Alikuwa kijana, mwenye haraka, na mdomoni hakuishiwa na neno malengo. "Arobaini kwa siku. Uko kumi na moja."

"Kuna karatasi zisizo za jalada hili."

"Andika hivyo. Karatasi zisizohusika, nne. Twende mbele."

"Ni hukumu."

"Ya nani?"

Majalada alifunga jalada. "Nitaziandika kesho," alisema. "Leo nipe ruhusa, kichwa kinaniuma."

*

Mzee Kalamu alikuwa kibarazani, gazeti karibu ligusane na miwani.

"Karibu, mwanangu. Leo mapema."

Hakukaa. "Jalada namba 196," alisema. "Lile la ua."

Mzee alikunja gazeti. Alilikunja mara mbili, halafu mara ya tatu, mpaka likagoma kukunjika.

"Kumbe wameshaufikia mwaka ule," alisema.

Njia nzima Majalada alikuwa akijiombea jambo moja: kwamba mzee ashangae. Kwamba iwe ni mkono tu uliopotoka siku ya kazi nyingi, na mwenye mkono asijue hadi leo. Sasa aliona hata hilo hakuachiwa.

"Ulijua lini?"

"Mama yako alipokuja kusema mwenye rufaa amefariki, tufunge shauri. Kuangalia kwenye kitabu cha jaji, naona limeamuliwa tangu mwezi wa nane. Kila Jumatatu nilikuwa nafungua 169, sioni kitu, namwambia bado. Sikumdanganya. Nilikuwa sijui." Alivua miwani. "Nilitafuta siku tatu. Nikazikuta kwenye ua."

"Ukazitoa?"

"Nikaziacha zilipokuwa."

"Kwa nini?"

"Alishakufa, mwanangu. Ningefukuzwa, ningeshtakiwa. Nilikuwa na watoto wanne."

"Sisi tulikuwa watatu."

Jirani alikuwa anasukuma toroli la matofali barabarani. Walisubiri lipite, kana kwamba ndilo lililokuwa na zamu ya kusema.

"Sikuzichoma," alisema mzee. "Ningeweza. Tanuri la makaratasi lilikuwa chini yangu. Nilisema zibaki, iko siku mtu ataziona."

"Ukaenda kumchukua mtu huyo kwao, ukamfundisha kusoma."

Mzee alianza kulikunjua gazeti.

"Siku ya ndoa yangu," Majalada alisema. "Watu wanakupa mkono, wanakupongeza. Ulikuwa unawaza nini?"

"Kwamba hapo ndipo angesimama yeye."

Ilikuwa kweli, alijua ni kweli, na ndiyo iliyomchoma zaidi. Angekuwa mtu mbaya, mwenye roho ya jiwe, ingekuwa rahisi. Lakini huyu alikuja hospitali alipojifungua, akakaa kwenye benchi hadi asubuhi. Huyu alimfundisha mwanawe kufunga kamba za viatu. Wema wote ule alikuwa ameupokea kwa mikono miwili, na sasa hakujua aushike vipi.

"Utaandika nini?" aliuliza mzee.

"Ninachokiona."

Aliteremka ngazi. Alipofika getini alisikia akiitwa, mwanangu, mwanangu, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeangusha kitu na hawezi kuinama. Mguu wake mmoja ulisita wenyewe. Kisha akaupeleka mbele.

*

Asubuhi alifika kabla ya wafagiaji kumaliza. Aliandika, akafuta. Mara ya kwanza aliandika neno dhuluma. Akalifuta, maana halikuwa kwenye karatasi. Akaandika haikupelekwa, nalo halikuwa kwenye karatasi. Mwishowe akaandika hivi:

Kurasa 31 hadi 34 hazihusu shauri hili. Ni hukumu ya rufaa ya jinai namba 169: mrufani hana hatia, aachiliwe mara moja. Amri ya kumwachilia, nakala tatu, zote zipo na zimebanwa pamoja. Nakala ya gereza haijakatwa. Sehemu ya mpokeaji haina saini wala tarehe. Namba 196 imeandikwa kwa mkono kwenye kona.

Msimamizi alikuja na kikombe chake cha chai, akasoma juu ya bega lake.

"Mistari ni minne, dada. Hiyo ni sita."

"Ondoa wowote."

Aliinama. Alisoma mmoja mmoja, midomo ikimcheza, kidole kikitembea hewani mbele ya skrini. Alipofika mwisho alirudi juu.

"Huyu alitoka?"

"Alitoka mwezi wa kumi na moja. Kwenye sanduku."

Kijana aliangalia namba, akaangalia jina, kisha akaangalia kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa Majalada. Chai ikapoa mkononi mwake. Baada ya muda alinyoosha mkono, akabonyeza mwenyewe kitufe cha kuhifadhi, na mchana Majalada aliporudi mezani alikuta karatasi mbili zimelazwa kifudifudi juu ya kibodi, moja hukumu, moja amri, zimechapishwa kwa rangi.

Siku hiyo alieleza majalada ishirini na sita. Hakuna aliyemuuliza yale mengine kumi na manne.

*

Jumamosi alimkuta mama jikoni, maharage yako motoni yanachemka, mwenyewe amekaa kigodani anamenya vitunguu. Majalada alikuwa amepanga maneno tangu Alhamisi. Yote yalimpotea.

"Mama, rufaa ya baba ilijibiwa."

Mama aliendelea kumenya. "Ya baba yako?"

"Alishinda."

"Alishinda nini?"

"Kesi, mama. Jaji alisema hakuiba. Wakaandika atoke. Karatasi ikawekwa kwenye jalada la watu wengine, haikufika gerezani."

Kisu kilisimama. Mama alikitazama kana kwamba ndicho kilichosema.

"Mwezi gani?"

"Wa nane. Tarehe kumi na nne."

Mama alihesabu kwa vidole, akigusa kila kimoja kwa gumba: wa nane, wa tisa, wa kumi. Hapo gumba likaganda.

"Mwezi wa kumi nilikwenda kumwona," alisema. "Nilikuwa nimechoka. Nyinyi mnarudi shule mnalia. Nikamwambia, baba watoto, kama uliyachukua sema tu uliyachukua, tuombe msamaha yaishe. Akaniangalia. Akanyanyuka kabla askari hajasema muda umekwisha." Alipangusa pua kwa kiwiko, kwa sababu ya vitunguu au kwa sababu nyingine. "Nikakasirika. Nikasema na mimi siendi tena. Sikwenda."

"Ulikuwa hujui, mama."

"Yeye alikuwa anajua. Alikuwa anajua hakuiba." Kisha akaweka kisu chini: "Nani aliiweka huko?"

Majalada alikuwa ameapa kulisema jina hilo bila kutetemeka. "Mzee Kalamu."

Mama hakushtuka. Alikaa tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoacha kitu.

"Hakuwahi kunifokea," alisema. "Wengine wote walikuwa wananifokea."

Akanawa mikono kwenye beseni, akaifuta kwa upindo wa nguo, upande huu na upande huu, akainyoosha. Majalada akampa karatasi. Mama hakujifunza kusoma zaidi ya kuijua saini yake mwenyewe. Aliishika kwa pembe zake, mbali kidogo na mwili, akaizungusha, akairudisha.

"Jina lake liko wapi?"

Majalada alichukua kidole cha mama, bado kina harufu ya kitunguu, akakiweka mwanzo wa mstari.

"Hili ndilo lake. Hili la babu. Hili la ukoo."

Kidole kilikaa kwenye la kwanza. Jikoni kifuniko cha sufuria kilianza kurukaruka, povu likafurika, likamwagika motoni kwa mlio mrefu, na moshi mweupe ukapanda kati yao. Hakuna aliyenyanyuka. Kidole kilisogea polepole, kikavuka nafasi ndogo nyeupe, kikagusa jina la pili.