Mwandiko wa Revocatus

Saluni ya Odeta pale Mirongo ilikuwa haikosi watu, ila mwezi ule wengi walikuja kusomewa kadi alizotumiwa na Revocatus, aliyekuwa anamposa, kuliko kusukwa. Huyo Revocatus alikuwa anafanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara, upande wa Ilemela, mwanamume mpole asiye na maneno. Lakini mwandiko wake, jamani. Herufi za mviringo, zimeinamiana kama zinasengenya, "y" imeburuza mkia hadi mstari wa chini, na nukta ya "i" ni kiduara. Odeta alijua moja: mtu mwenye mkono huo ana kicheko ndani, hajakitoa tu. Jumapili mshenga angekuja kuchukua jibu, na jibu lilikuwa ndiyo.

Ijumaa akaingia Najat, jirani yake muuza kanga, na kadi ya harusi ya binamu yake.

"Shoga, siku hizi bwana wako anaandikia watu kadi?"

Odeta akaangalia. Mkia ule ule. Kiduara kile kile.

"Labda kaombwa."

"Na tangazo la dansi pale baa, kaombwa? Na bei za chipsi pale kona?"

Akatoka kwenda kuona. Kweli, Revocatus yuko ukutani, anakaribisha watu dansini. Aliporudi, saluni ilishaamua: wengine wanasema ana kazi ya pili, wengine ana wanawake wanne. Odeta hakujua ashike lipi. Akapanda gari mpaka getini kiwandani, akamwita Revocatus, akampa kalamu na kipande cha boksi.

"Andika jina langu."

Akaandika polepole, ulimi nje. Herufi nyembamba, zimesimama wima kama matete.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Na wa kwenye kadi?"

"Ule wa kompyuta. Dada Queen, pale duka la kuchapa, ana herufi za kila namna mle ndani, unachagua. Maneno ni yangu. Wangu wa mkono nauonea aibu, nikachagua unaofanana na wewe."

"Sasa kompyuta imeutoa kwa nani?"

Revocatus akafikiri. "Hilo sikuuliza."

Njia nzima Odeta alikuwa anajiuliza. Kile kicheko alichokipenda ni cha nani? Cha Queen? Cha Mzungu fulani huko? Au ni chake mwenyewe, kimemrudia kwenye bahasha?

Jumapili mshenga, mzee Luhaga, alikunywa chai, akajikohoza.

"Haya mwanangu, nikamwambie nini?"

"Mwambie aje mwenyewe, baba, tukae tuongee. Mwandiko nimeuzoea, yeye bado."

"Hiyo ni ndiyo au hapana?"

"Ni aje."

Mzee akamgeukia Najat amfafanulie. Najat akajifanya anakoroga chai, na sukari hajatia.