Lango Lililokataa Kusalimu Amri

Seremala wa ngome ya mpakani alikuwa hodari wa kupiga randa, na hodari zaidi wa kujisifu. Wakoloni wa huku na wa ng'ambo ya mpaka walipoanza vita, kapteni alimwamuru atengeneze lango jipya upesi. Akakata mti mbichi, akaunga mbao zikiwa bado zinatoka maji, akasema, "Lango hili tembo akilisukuma, ataomba radhi."

Mvua ikanyesha mfululizo. Mbao zikavimba, zikabana kama kizibo kwenye chupa.

Adui akaja, akaizingira ngome. Chakula kilipokwisha, kapteni akapandisha shuka jeupe. Adui akajipanga nje kupokea ushindi. Lango halikufunguka. Askari walivuta mpaka komeo likang'oka.

"Fundi, nini hiki?" kapteni akauliza.

"Uimara, bwana mkubwa."

"Shoka liko wapi?"

"Nyumbani, huko nje ya ngome."

Kamanda wa adui naye alikataza lango lisivunjwe: kesho lingemlinda yeye. Na kuruka ukuta, alisema, ni kazi ya mwizi, si ya mshindi.

Kutoka nje ikasikika sauti ambayo seremala aliijua vizuri. Ilikuwa ya kaka wa mkewe, sajini wa jeshi la adui.

"Shemeji, huu si mkono wako?"

"Ni wangu, shemeji. Sukumeni, sisi tunavuta."

"Mti mbichi tena? Kitanda ulichomtengenezea dada yangu kilichipua majani."

"Mguu mmoja tu, shemeji."

Askari wa pande zote mbili wakaangua kicheko. Seremala alitamani ardhi ipasuke immeze. Wakasukuma, wakavuta, wakachoka. Adui wakawarushia wenzao wa ndani mikate juu ya ukuta wapate nguvu.

Wangali katika kusukumana, jeshi la msaada likatokea kilimani. Adui wakatimua mbio. Sajini alikawia kidogo.

"Msalimie dada," akasema, naye akakata mbuga.

Kapteni akalishusha shuka haraka na kulikalia. Mkuu wa msaada, alipoona lango bado limefungwa, alimsifu kwa ushujaa wa kutosalimu amri. Nishani yake ilipandishwa kwa kamba.

Lango lilipopasuliwa kwa mashoka, seremala alikwenda moja kwa moja nyumbani, akafikisha salamu za shemeji yake. Mkewe hakuwa amepata habari za kaka yake tangu vita vianze. Akaketi kizingitini, akalia na kucheka kwa pamoja.

"Amekonda?" akauliza.

"Sikumwona, mke wangu. Lakini anasukuma kama mtu aliyeshiba."